Jicho Lililochoka

Kiuu, Ruiru
Jumapili, 12 Januari 2025

Mwaitu,

Kabla hujafungua hii karatasi, keti. Najua utakuwa umesimama mlangoni na jembe.

Habari ya Ngoliba? Goti linaamka vizuri asubuhi? Ng'ombe amezaa ama bado anatuchezea? Sisi tuko. Ndambuki anakusalimu sana. Leo Jumapili watu wanajaa Kamakis kula nyama, kwa hivyo mume wangu yuko kwa jiko la makaa tangu asubuhi, na akirudi harufu yake inaingia nyumbani kabla yake.

Jina lako dogo, huyu mtoto wetu aliyekuja mapema, limefika kilo mbili na robo. Bado ni mdogo, mkono wake wote unaenea kwa kidole changu kimoja, lakini ananyonya na analia kama mtu anayedai haki yake. Hospitalini wameniambia nimfunge kifuani ngozi kwa ngozi mchana na usiku, nisimtoe kwa baridi wala kwa vumbi, nisisafiri naye mpaka wao waseme. Kwa hivyo chapati nimeacha kuuza, na Ngoliba siwezi kuja. Nalala nikiwa nimeketi. Ile picha ya mtoto ambayo Ndambuki alikutumia kwa simu, hukusema kitu.

Sasa nisikilize. Kila nikikupigia unasema "niko sawa", halafu unaniuliza kama nimekunywa uji, halafu simu unampa mtu mwingine. Simu inakusaidia kunificha mambo. Nitampa Muasya wa pikapu daftari la mistari na kalamu mbili akuletee na hii barua. Yeye anashuka Ruiru na kreti za nyanya kila Jumanne na Ijumaa, atatubebea. Nataka uniandikie kwa mkono wako. Ukurasa mmoja tu kila mwezi. Mwaitu, wewe ulifundisha nasari miaka kumi na moja. Ulitugonga vidole herufi ikikanyaga nje ya mstari, hata mimi nikiwa kwenye darasa lako, bila huruma. Sasa zamu yangu. Nitaangalia mistari.

Na matone? Chupa ya pili inafaa kuwa imeisha Krismasi. Ulienda Thika kuchukua ya tatu? Tone moja kila jioni, usiruke. Daktari alisema presha ya macho haiumi, ndiyo ubaya wake, inakula polepole na wewe ukidhani uko sawa.

Mimi binti yako anayekugombeza,
Mwongeli


Ngoliba, Thika
Ijumaa, 31 Januari 2025

Mwongeli mwiitu wakwa, binti yangu,

Nimeketi kama ulivyosema. Nimeketi mlangoni saa nne jua likiwa zuri. Habari ya huko, habari ya Ndambuki, mwambie apunguze moshi atakohoa. Ng'ombe amezaa ndama dume. Goti ni goti.

Jina langu dogo nalisalimia sana. Picha niliona. Mtoto mzuri, hata hiyo kofia umemvisha ni nzuri. Usinune kwa sababu sikuja kukupikia uji. Ng'ombe alikuwa karibu kuzaa na hakuna mtu wa kumwachia. Najua mama yangu alikuja kwangu nilipokuzaa na akakaa miezi miwili. Najua.

Macho ni sawa. La kulia linafanya kazi. La kushoto nalipumzisha kama ulivyoniambia siku ile kliniki kwamba limechoka. Nikienda shambani nalifunga na leso lisihangaike bure. Watu wanacheka wanasema nimekuwa haramia. Wacha wacheke, jicho likipumzika litarudi.

Tena kuna habari njema. Idah wa duka la karibu na kanisa, yule mke wa Gathogo, ananiletea vidonge vyekundu. Vinatoka kwa mwani. Si ule wa bahari, huu ni mdogo sana, ni kama ule utelezi wa kijani wa tangi letu. Idah anasema ukipigwa na jua kali na maji yakikauka unageuka mwekundu wenyewe ujikinge usife. Hiyo rangi ndiyo dawa. Inaitwa antioksi nini sijui, inaosha mwili uchafu wa uzee, inasaidia ngozi, viungo, moyo, na kwa chupa wameandika kabisa ni ya macho yaliyochoka. Yaliyochoka, Mwongeli. Kama langu. Nilishangaa sana sana nikaona huyu ni Mungu.

Ng'om anaita. Wacha niende.

Mama yako,
Kavata


Kiuu, Ruiru
Jumanne, 18 Februari 2025

Mwaitu,

Barua yako nilifika nayo kwa dirisha nikaisoma mara tatu nimesimama, mtoto amefungwa kifuani. Tuko salama. Ana kilo tatu kasoro. Juzi alicheka akiwa usingizini, sijui aliona nini. Pengine aliota anakuona na leso yako ya haramia.

Sasa wacha niwe mwalimu. Mistari mitatu ya kwanza umeandika vizuri. Wa nne umepanda juu ukakanyaga wa tatu. Kule upande wa kushoto unaanza katikati ya karatasi kama kwamba huo upande haupo. Mwisho umeandika "ng'om" na ukaendelea mbele. Ng'ombe wako amepotelea wapi nusu yake?

Na kwa ile picha, Mwaitu, mtoto hana kofia. Ana mpira wa kumlishia puani, umebandikwa na plasta mpaka shavuni. Mtu akiona hiyo picha haulizi kofia.

Nimelia halafu nimeacha, kwa sababu mtoto akisikia kifua changu kinaruka na yeye analia.

Vidonge vya Idah nimeuliza. Kuna muuguzi wa kliniki ya watoto hapa, Sista Awiti, mtu mkali lakini ana moyo. Nilimwonyesha jina lile uliloshindwa kuandika, Muasya alikuwa amenipigia picha ya chupa. Akasema, "Huo mwani si sumu, na hiyo rangi si uongo. Ndiyo inawapa hata flamingo wekundu wao. Kuna watu wanaokaa mbele ya kompyuta siku nzima wamesema macho yao yanapata nafuu. Utafiti bado ni mdogo, sitakudanganya ni mkubwa." Nikamwuliza presha ya macho je? Akaniangalia. "Haishushi presha ya jicho. Presha inashushwa na matone. Mama akitaka kumeza vidonge, ajulishe daktari wake kwanza, lakini avimeze juu ya matone, si badala ya matone. Na akikosa vidonge asihuzunike, hata nyanya ina wekundu wake wa kukinga mwili."

Nilicheka kidogo. Kwa hivyo Muasya anapita kwako na dawa kila wiki na hajui. Na nikakumbuka ule utelezi wa tangi, nilivyochapwa na wewe kwa kuuacha uote. Kumbe nilikuwa nafuga utajiri.

Lakini Mwaitu, kwa barua yako yote hakuna neno matone. Nimetafuta. Umeandika ng'ombe, goti, kofia, haramia. Hujaandika matone.

Ya hiyo leso na kupumzisha jicho tutaongea siku nyingine.

Niandikie,
Mwongeli


Ngoliba, Thika
Ijumaa, 14 Machi 2025

Kwa mpendwa Mwongeli,

Habari yako na habari ya familia nzima. Ni matumaini yangu kwamba mko wazima huko Ruiru. Mimi niko mzima kabisa na ninamshukuru Mungu. Ndama anakua vizuri. Mvua imeanza kunyesha na tumepanda mahindi na maharagwe.

Ninakuandikia na karamu uliyonitumia, kwa mkono wangu mwenyewe. Kama unavyoona, mistari yote nimefuata. Hiyo ni kazi ya vidonge. Nimemeza chupa mbili sasa, na macho yamepata nguvu, hata goti limepungua maumivu. Jicho la kushoto limeanza kuona mwanga. Idah anasema chupa ya tatu ndiyo humaliza kazi, kwa sababu mwili unachukua muda kujaa hiyo kinga. Yeye mwenyewe alikuwa hawezi kupanda ngazi ya kanisa na sasa anaimba kwaya akiwa amesimama.

Usirie tena, mtoto wangu. Na usiwe na wasiwasi juu ya matone. Kila kitu kiko sawa.

Mtoto umbusu paji la uso. Akipata nguvu nitakuja kumwona kwa macho yangu mawili.

Mama yako mpendwa,
Kavata


Kiuu, Ruiru
Jumanne, 1 Aprili 2025

Mwaitu,

Nikueleze vile barua yako ilivyonifanya, hatua kwa hatua, ndio ujue.

Kwanza nilipiga kelele. Mistari imenyooka! Nilimwamsha Ndambuki, amelala baada ya kazi, nikamwambia ona, ona mwandiko wa mama. Akasema, "Si nilikwambia hao wazee hawachakai haraka." Nilimwomba Mungu msamaha na nikamwomba Idah msamaha nikiwa hapa jikoni peke yangu. Kwa siku nne nilikuwa mtu mwepesi. Nilioga. Nilisuka nywele.

Halafu Ijumaa Muasya akaja. Nilimwuliza, mama anaonekanaje? Akajikuna. Akasema, "Kila siku nikisimamisha pikapu ananiita jina langu kabla sijashuka, mimi najua anaona. Lakini wiki iliyopita pikapu iliharibika nikapita na pikipiki. Nilisimama mbele yake hapo hapo, upande ule wa kushoto, karibu hivi. Akasema, 'Mutie, ni wewe?' Sasa Mutie na mimi tunafanana wapi, Mwongeli? Mutie ni mfupi."

Nilirudi nyumbani nikatoa barua tena. Na ndio nikaona.

Karamu.

Mwaitu, karamu ni sherehe ya kula. Unaniandikia na sherehe ya kula? Sisi Wakamba ulimi wetu hauna hiyo shida. Sisi tunaharibu upande ule mwingine. Ulichekwa na wale walimu wa Murang'a miaka kumi na moja kwa kusema "lafiki" na "balua". Mpaka ulikuwa unatufanyisha mazoezi: rafiki, barua, rangi. Lakini kalamu! Kalamu haijawahi kukushinda tangu uzaliwe. Na "usirie"? Usirie ni nini? Hayo ni makosa ya mtu aliyezaliwa kule kwa kina Gathogo, kwa Wakikuyu.

Nani ameshika kalamu?

Mwongeli


Kiuu, Ruiru
Jumanne, 29 Aprili 2025

Mwaitu,

Wiki nne. Simu yako inaita mpaka inakatika. Kila Jumanne na kila Ijumaa naenda sokoni namngoja Muasya kama mtu anayengoja mshahara, na yeye akiniona ananyoosha mikono: "Nimeleta nyanya, lakini si yule unayemtaka." Mwanzo alikuwa anafanya mzaha. Ijumaa alisema hivyo bila kucheka.

Sikukuandikia kitu kingine. Mtoto alilazwa. Kifua. Siku tisa kwa oksijeni. Ametoka juzi. Sikutaka ujue kwa sababu ungekuja, halafu nikajua kwamba hungekuja, na hiyo iliniuma zaidi. Nilikuwa nimeketi kwa benchi la wodi nikifikiria watu wawili wanaitwa Kavata, mmoja hawezi kuvuta pumzi na mmoja hataki kuniambia kama anaona, na mimi ni mmoja tu.

Sina nguvu ya kukugombeza. Nakuomba. Kama umenikasirikia andika umenikasirikia. Kama huwezi kuandika, mwambie huyo wa karamu aandike. Sitacheka makosa yake. Naapa sitacheka. Niambie tu jicho la kulia.

Mwongeli


Ngoliba, Thika
Ijumaa, 9 Mei 2025

Mwongeli,

Ni Idah anaandika. Mama yako amesema niandike vile anavyosema na nisiongeze chumvi. Sasa anaongea yeye.

Pole ya mtoto. Pole sana. Nimekaa chini siku mbili tangu nisomewe. Usiseme sitakuja. Mwezi wa kumi na mbili nilifunga mzigo wako, nilikuwa na unga wa wimbi na kuku wawili. Nilifika stendi ya Thika nikakaa pale mpaka saa tisa, sikuona gari limeandikwa linaenda wapi, na nikiuliza watu wananisukuma. Nikarudi. Kuku nikamwachia mtu aliyenivusha barabara. Ng'ombe hakuwa na shida yoyote.

Idah usimlaumu. Mimi ndiye nilimwomba aandike, na ni mimi nilimwambia aseme mwanga umeanza. Yeye alikataa. Nilimwambia mtoto wangu hana maziwa kwa sababu ya kulia, andika.

Matone niliacha mwezi wa kumi na mbili, niliporudi kutoka stendi. Wewe mwenyewe ulinisomea karatasi ya kliniki, imesema matone hayarudishi, yanalinda tu kilichobaki. Sasa mimi nilinde nini, nusu? Nilitaka kumwona mtoto anayebeba jina langu, mzima, uso wote kwa wakati mmoja. Na ulisema jicho limechoka. Kitu kilichochoka kinapewa nguvu kinaamka. Ng'ombe akichoka si unampa chumvi? Chupa imeandikwa macho yaliyochoka. Nikasema dawa mbili zitapigana, wacha niache hii inayochoma nishike hii inayoahidi.

Umeuliza la kulia. Naona kama mtu anayechungulia kwa bomba la maji. Katikati pako sawa. Kando ni giza. Mwezi wa kwanza bomba lilikuwa kubwa.

La kushoto bado limelala. Idah anasema labda ni chupa ya nne. Mimi nauliza wewe uliyemsikia daktari kwa masikio yako. Mtu akichoka, si huamka?

Kavata


Kiuu, Ruiru
Jumanne, 13 Mei 2025

Mwaitu, na wewe Idah uliyeshika hii karatasi,

Idah, nakuheshimu kama dada yangu mkubwa. Sina ugomvi na wewe. Soma kwa sauti, polepole, na usiruke hata neno moja, hata yale yatakayokuuma wewe ama yatakayonivua mimi nguo.

Mwaitu, jicho lako la kushoto halijachoka. Halikuwa limechoka siku ile. Daktari aliongea Kizungu, haraka, wewe ukanishika mkono ukaniuliza, "Anasema nini?" Alisema la kushoto limekwisha. Alisema mshipa ule wa nyuma unaobeba picha kwenda kichwani umekufa, na hakuna tone, hakuna kisu, hakuna kidonge kinachoweza kuufufua, hapa wala ng'ambo. Alisema la kulia linaweza kubaki miaka yako yote kama utatia matone kila jioni.

Na mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita, miguu imevimba, tangu asubuhi sijala. Nikakuangalia. Ulikuwa umevaa kile kitambaa cha kanisa. Nikasema, "Anasema la kushoto limechoka."

Neno moja. Nilidhani nimekupunguzia. Nilidhani nitakueleza nyumbani, halafu nikasema baada ya kujifungua, halafu mtoto akaja mapema. Uliponiandikia unalifunga na leso lipumzike, nilijua ni mimi nililifunga hiyo leso. Na bado nikaandika "tutaongea siku nyingine". Nilikugombeza kwa kuficha, nikakutumia daftari nikuchunguze mwandiko, na mwongo wa kwanza katika hii habari ni mimi. Hao wa chupa waliandika tu neno lao. Ni mimi niliyekupa la kulifananisha.

Sikuombi unisamehe leo. Leo nina shida nyingine.

Idah. Nimesikia habari ya ngazi ya kanisa, na nimefurahi kwamba unaimba umesimama. Sisemi vidonge ni uchawi. Sista Awiti alisema vina faida yake na mtu mzima asiye na presha ya macho anaweza kuvimeza akiuliza daktari. Endelea navyo. Lakini mama yangu kila jioni aliyomeza kidonge bila tone, bomba lake limekuwa dogo. Wewe hukujua. Sasa unajua, na ukishajua huwezi tena kusema hukujua. Kwa hivyo nakupa kazi. Ndambuki hakuenda kazini leo, ameenda na karatasi ya kliniki Thika kuchukua matone, chupa imo ndani ya hii bahasha ya kaki. Iweke kwa duka lako, kwa kile kisanduku chako cha soda baridi lakini isigande. Saa moja ya jioni, kila siku, mlaze mama kichwa nyuma. Vuta ukope wa chini. Tone moja. Afunge macho, abonyeze hapa karibu na pua kidogo. Likimchoma mwimbie, si uko kwaya.

Jumatatu, tarehe kumi na tisa, kliniki inamngoja wampime tena. Ndambuki ameomba ruhusa, atamfuata mpaka mlangoni pake. Hatampeleka stendi akamwacha. Atamshika mkono.

Mwaitu, najua umeacha kusikiliza tangu pale niliposema limekwisha. Rudi. Nakuhitaji urudi. Uliuliza ulinde nini, nusu? Ndiyo. Nusu. Mtoto wangu alizaliwa nusu na nimemlinda kifuani miezi mitano, sijawahi kuuliza kama inafaa.

Mwongeli


Ngoliba, Thika
Ijumaa, 23 Mei 2025

Mwongeli,

Idah anaandika. Mama hajasema niandike. Nilipomsomea alisema "soma pale tena", nikasoma pale pa kitambaa cha kanisa mara nne. Halafu alifungua leso kichwani akaikunja akaiweka kwa kabati.

Tone la kwanza alikataa. La pili alikataa, akanisukuma chupa ikaanguka lakini haikumwagika. Siku ya tatu nilifika nikakuta amejilaza mwenyewe kichwa nyuma. Nikatia. Tangu hapo sijakosa hata siku moja. Jumatatu mume wako alimpeleka. Daktari amesema presha iko juu bado lakini imeanza kushuka, aendelee, arudi mwezi ujao. Lililopotea la kulia halirudi. Lililobaki linashikika.

Vile vidonge vilivyobaki kwa duka langu, kila anayeuliza ninamwuliza kwanza kama ana dawa ya hospitali. Wengine wanakasirika.

Samahani kwa karamu. Gathogo alicheka mpaka akalia.

Idah


Ngoliba, Thika
Ijumaa, 6 Juni 2025

Mwongeli

Ni mimi. Nimemkataza Idah kushika kalamu. Nimeweka rula chini ya mstari ndio nisipotee, nikimaliza mmoja naisukuma chini. Imenichukua tangu jana.

Nilikukasirikia. Bado kidogo. Ungeniambia ningelia siku moja na ningetia matone miezi yote. Lakini nilikumbuka siku ile. Ulikuwa umeegemea ukuta umeshika tumbo. Mimi pia niliona na sikuuliza umekula. Nilikuwa nauliza jicho tu.

Sasa uliniambia ukweli na mimi nikuambie. Nilijua. Si yote. Lakini mtu anajua jicho lake likiondoka. Nilipenda neno lako kwa hivyo nililiweka.

Muasya ananiambia wamekuruhusu kusafiri na mtoto. Njooni Jumamosi na Ndambuki. Ukifika usisimame mlangoni, jua litakuwa nyuma yako nitaona kivuli. Ingia ndani. Mkalishe upande wangu wa kulia. Nitamwona kidogo kidogo, sikio kwanza, halafu pua, halafu mdomo, nitamuunga mwenyewe kichwani. Nina wakati.

Usilete kitu. Kuna wimbi, kuna maziwa. Nyanya za Muasya ziko.

Na usiseme tena jicho langu limechoka. Jicho langu la kushoto limekufa, nimelia, nimemaliza. Aliyechoka katika hizi barua zote ni mtu mmoja. Analala ameketi tangu mwezi wa kumi na mbili.

Nimetandika kitanda chako. Njoo ulale. Mtoto nitamshika mimi.

Mwaitu wako
Kavata